Mkwe wangu anaogopa wati 650

Admin, tafadhali usiweke jina langu. Watu wa Busia, pande zote mbili za mpaka, wangenitambua mara moja. Mimi ni mama wa miaka sitini na sita, mwalimu mstaafu wa fizikia, naishi Lunyo, upande wa Uganda. Binti yangu, nitamwita Nekesa, ameolewa Busia ya Kenya. Wana mtoto anayetambaa.

Mume wake amejiundia kompyuta ya gemu, vijana wanalipa kucheza mpira pale sebuleni. Simlaumu, kazi ni kazi. Shida ni pawa saplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme kwa kompyuta nzima. Amefunga cha wati 300 alichokitoa kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi. Nilimwomba Nekesa anisomee vifaa vyote kwa simu, nikajumlisha. Kadi ya picha peke yake huvuta wati 220, prosesa 100, na vingine kama 60. Hiyo ni 380, na bado hujaacha nafasi ya kupumua. Panahitajika 600 au 650. Tena kisanduku chake hakina waya wa kadi ya picha, kwa hiyo ameunga kiunganishi cha bei rahisi.

"Maama, gemu ikichanganya kompyuta inajizima," Nekesa aliniambia. "Na kuna harufu, kama kikombe cha plastiki kimeangukia motoni."

Nikamtuma amweleze mumewe. Jibu likarudi: "Wati 650? Hiyo ni kompyuta au kinu cha posho? Mwalimu anataka tokeni yangu ya umeme iishe nikitazama!"

Hapo ndipo anapokosea, na si yeye peke yake. Kisanduku cha wati 650 hakili 650 muda wote. Kompyuta ikiomba 300, kitatoa 300, na kutoka ukutani kitachukua zaidi kidogo tu. Sufuria kubwa haikulazimishi upike gunia zima la mchele. Ile namba ni uwezo wake.

Maelezo haya ningemweleza yeye mwenyewe kwa dakika chache. Lakini kwetu Wasamia mama mkwe hamkemei mkwe wake, hamshiki mkono, wala haingii anakolala. Nyumba yao ni chumba kimoja, sebule na kitanda vimetengwa kwa pazia tu. Nikifika huwa naketi nje kwa jirani, naletewa mtoto. Nekesa alipomsihi tena, mumewe akacheka: "Basi aje mwenyewe akifunge!" Anajua siwezi.

Nikanunua kisanduku kipya, kizuri, nikakituma na bodaboda. Kilirudi siku hiyohiyo, hata utepe wa boksi haujafunguliwa. "Mwambie mamako nyumba hii ina mwanamume," alisema. Nekesa alilia kwenye simu, kisha akanong'ona, "Maama, usitume kitu tena. Ananiuliza kama nimeolewa na yeye au na wewe."

Nilimpigia mama mzazi wa kijana, nikidhani mwanawe atamsikiliza. Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, mambo ya kompyuta mimi nitayajulia wapi? Waachie wenyewe."

Jana Nekesa alinitumia picha. Kile kiunganishi kimebabuka, kimekuwa cheusi upande mmoja. Pembeni yake naona ukingo wa godoro la mtoto. Na Jumamosi wameandaa mashindano, mashine itawaka kutwa nzima.

Nikivuka kizingiti kile na kuchomoa plagi mbele ya wateja wake, ukoo wao utasema nimemvua nguo mkwe wangu, na binti yangu anaweza kurudishwa kwangu na mzigo wake. Nikikaa Lunyo nikiheshimu mila, nitakuwa naitazama simu nikiogopa ikilia.

Boksi liko hapa mezani ninapoandika. Ninyi mlio na wakwe, na ninyi mlio wakwe wa watu, nisaidieni kabla ya Jumamosi: niingie, au nibaki nje?