Sakafu Mpya Chini ya Jiko

Mume wangu alifariki kazini, Jumanne moja ya Novemba, sakafu ya sebuleni ikiwa imebaki kidogo tu kwisha. Nyumba yetu ya Mansfield, huku ughaibuni, ilikuwa kuukuu, na pembeni mwa sebule palikuwa na jiko la chuma la kuni, la kuotea moto wakati wa baridi. Alikuwa ameng'oa zulia lote akatandika mbao za kuchomekana, zile nyembamba zenye plastiki, kwa mikono yake, wikiendi baada ya wikiendi. Jiko akalirudisha juu ya mbao kwa muda tu. Akaniambia nisithubutu kuliwasha mpaka aweke vigae chini yake, maana mbao zile haziwezi moto. Vigae hakuwahi kuvinunua.

Basi nikakaa eda ndani ya nyumba hiyo, miezi minne na siku kumi, hutoki ila kwa dharura. Watu waliniuliza nalala vipi, nakula vipi, nikawajibu alhamdulillahi. Ukweli ni kwamba sikuhisi kitu. Aliyewahi kuchomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno atanielewa: unaligusa shavu lako na unaona ni la mtu mwingine. Sikulia msibani, sikulia arubaini. Wako wanawake walionitazama vibaya kwa hilo, nami nikawatazama vivyo hivyo. Kitu kimoja tu nilikijali, nacho ni ile sakafu. Mtu akiingia na viatu namtoa mbio. Naipangusa kwa kitambaa nimepiga magoti, asubuhi na alasiri. Ilikuwa kazi yake ya mwisho, na nilitaka ibaki kama alivyoiacha.

Aliyekuja kukaa nami ni wifi yangu, dada yake marehemu. Alikuwa akiishi mtaa wa Gulfton, Houston, akitunza wazee majumbani. Akaiacha kazi akapanda basi. Wifi ana mdomo, na mimi pia sijambo. Tangu niolewe tulikuwa tukitaniana hadi wageni wakidhani tunagombana. Safari hii hakunitania hata kidogo. Alipika, akafua, akapokea simu, nami nikaendelea na sakafu yangu.

Januari ikanyesha barafu. Tuliamka miti imeinama, nyaya za umeme zimekatika, na joto la nyumba lote lilikuwa la umeme. Barabarani hakuna gari. Kufika adhuhuri wifi alikuwa amejifunga blanketi mbili na kanga kichwani, midomo imempauka. Kuni zilikuwapo garajini. Akaniomba tuwashe jiko, nikakataa. Akaniomba tena, kwa upole, na upole si tabia yake. Nikamwambia akitaka joto arudi kwake Houston. Nilimwambia hivyo, na nje barafu imetanda.

Alikwenda jikoni akarudi na sinia kubwa la kupakulia pilau, akalisukuma chini ya tumbo la jiko, katikati ya miguu yake minne, akalimwagia mchanga kiganja kimoja. Akasema kwa mama yao jiko la makaa lilikaa juu ya sinia miaka nenda miaka rudi na sakafu haikupata alama. Nami nimelelewa hivyo hivyo, sikuona kosa. Hatukukumbuka, si mimi si yeye, kwamba kwetu sakafu ni saruji, na sinia kazi yake ni kushika majivu tu.

Moto ulipokolea, harufu ya plastiki ikaanza. Wifi akalivuta sinia kwa koleo. Chini yake mbao zilikuwa zimefura na kuwa nyeusi, duara zima, kama chapati iliyosahauliwa.

Akapiga magoti. Akaanza kulisugua lile duara kwa ncha ya kanga, anasugua na kulia.

"Nimeiunguza kazi ya kaka yangu," akasema. "Kaka yangu wa pekee."

Nilisimama pale nikamtazama. Miezi miwili nilikuwa nikila chakula cha mikono yake, na msiba nimeufanya wangu peke yangu. Sikuwahi kumwuliza, hata siku moja, yeye analala vipi. Niliona aibu, aibu hasa, mpaka masikio yakaniwaka moto.

Akainuka ili auzime ule moto. Nikamshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi.

"Uache, wifi," nikamwambia. "Tuote."

Tukaleta matofali ya bustanini, tukayapanga mawili mawili juu ya ule weusi, tukauacha moto mdogo. Kisha tukakaa chini, bega kwa bega, ndani ya blanketi moja. Joto liliponiingia ndipo nilipoanza kutetemeka, meno yanagongana, siwezi kujizuia. Wifi akanigusa paji la uso, akauliza kama nina homa. Nikamwambia sina homa, nasikia baridi. Nasikia baridi sana, wifi. Akanivuta kifuani kwake, na hapo nikamlilia mume wangu.