Iliki Iliyolala na Dawa ya Pamba

Wasomaji wa ukurasa huu, mhariri amekubali kulificha jina langu na la kijiji chetu cha ujamaa. Kipo upande wa Kisanga, wilayani Kilosa. Nina umri wa miaka thelathini na mbili na watoto watatu. Mume wangu ni katibu wa kijiji, alihamishiwa huku kutoka mkoa wa mbali. Mimi ni mzaliwa wa milimani.

Tulipohamishiwa bondeni, nyumba zetu za juu zilibomolewa, lakini iliki ilibaki msituni chini ya miti mikubwa. Kijiji kiliruhusu watu wa milimani kupanda kwenda kuichuma kwa sharti moja: iuzwe nje ya nchi kwa faida ya wote. Ikishindwa kuuzika, msitu ungefungwa. Mnunuzi wa Ulaya aliitaka kwa sababu haijawahi kuguswa na dawa wala mbolea ya chumvichumvi. Baba yangu ndiye aliyeikausha kivulini na kushika ufunguo wa ghala.

Msimu uliopita mvua ilianza mapema, na madumu ya dawa ya pamba ya kijiji yalikuwa nje. Mume wangu aliwaamuru vijana wayaingize kwenye ghala la iliki. Nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea baba uji.

Baba alisema, "Ndugu Katibu, iliki hunyonya harufu. Ukiilaza na dawa itaamka dawa."

"Mzee, hili ni ghala la kijiji, si chungu cha mkeo," mume wangu akamjibu. Vijana wakacheka. Madumu yakaingia, na mawili yalikuwa yanavuja.

Magunia yalisafirishwa, kisha yakakataliwa huko yalikokwenda. Wakala wa mnunuzi alikuja kwa gari kupitia Mikumi, akafungua gunia moja lililobaki, akanusa, akalifunga. "Hii imepigwa dawa," alisema. Hakukaa hata kunywa maji.

Mkutano wa kijiji ukaitwa. Mume wangu alimwendea baba mbele ya watu wote, akainama kidogo. "Shikamoo, baba mkwe."

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akageukia watu. "Ufunguo alikuwa nao nani? Mzee huyu hajasahau kubomolewa nyumba yake. Ametulipizia kisasi kwa kumwaga dawa kwenye jasho letu."

Kwetu milimani mkwe hagombani na mkwe mbele za watu. Hata ukisingiziwa, unanyamaza, halafu wazee wa ukoo wanakaa pembeni kuyamaliza. Mume wangu anaijua mila hiyo, maana nilimfundisha mwenyewe tulipooana. Baba alitazama chini. Watu wakaona amekiri.

Nikasimama. Mwenyekiti akasema, "Kaa, mama, wanawake watapewa nafasi baadaye." Nafasi haikuja.

Mgambo walilileta lile gunia lililobaki. Walimkalisha baba chini, wakamwambia atafune. Kila alipomeza walimjaza kiganja kingine. "Kula, mzee, Wazungu wamekuachia," mmoja alisema. Mume wangu alisimama karibu. "Polepole, baba mkwe, usije ukapaliwa." Watoto walicheka, na mwanangu wa kwanza alikuwa miongoni mwao. Baba alitapika hadi damu, ndipo wakaacha. Kesho yake msitu ulifungwa.

Jioni ile mume wangu alirudi nyumbani akaomba chai. Alitoa kopo chini ya kitanda, limejaa iliki ya kijani. "Weka hii," aliniambia. "Niliichota kabla ya yale madumu kuingia. Hii ni safi." Nilimpikia. Alikunywa vikombe viwili na kuwasimulia watoto habari za mkutano.

Baba sasa yuko Magomeni, Kilosa mjini, kwa shangazi yangu, ili awe karibu na hospitali. Sauti yake imebaki mnong'ono. Wilaya inamtuma afisa kuja kuchunguza, na anatafuta aliyeona madumu yakiingizwa. Wale vijana wameshasema hawakumbuki. Nimebaki mimi.

Mume wangu hajanipiga. Aliniambia tu, huku anavaa viatu, "Ukifungua mdomo, watoto wataenda kwa mama yangu. Nauli ya kuwafuata huna." Kwetu watoto ni wa ukoo wa mama, lakini yeye alitoa mahari kwa desturi ya kwao, na mwenyekiti ni rafiki yake.

Nilikwenda Magomeni nikamweleza baba yote. Nilidhani ataniambia ninyamaze nilee wanangu. Akanivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Mimi siwezi kushindana naye, ni mkwe wangu," alinong'ona. "Wewe si mkwe wake."

Akageukia ukutani. Tangu hapo kila nikienda kumtazama nikampa uji anaukataa, hadi shangazi aushike yeye.

Afisa anakuja wiki ijayo. Nikisema nawapoteza watoto, nikinyamaza baba atakufa akiitwa mhujumu. Ninyi mngekuwa mimi mngefanya nini? Nishaurini kabla gari la wilaya halijafika.