Mlima Ambao Sikushuka

Juzi niliona mashindano ya baiskeli Nyamache, nikakumbuka mbio zangu za usichanani. Nilikuwa msichana pekee katika mbio za mchana ule wa jua kali, juu ya baiskeli ya baba iliyonuka ndizi mbivu. Mlimani wote walishuka wakasukuma, kama tunavyofanya tukipeleka ndizi sokoni. Nilidhani anayeshuka ameshindwa.

"Shuka, utazimia," kaka yangu aliniambia, akinipita kwa miguu huku akisukuma baiskeli yake.

"Shuka wewe. Mimi nashindana."

Mnyororo ulilia, nikazidi kukanyaga pedali. Nilifika wa mwisho, nikasimama nikingoja kutangazwa mshindi. Wakatangaza mwingine, nikalia kwa hasira.

Siku hizi najua kusukuma kuliruhusiwa. Hata ningejua siku ile, nisingeshuka.