Mkasi wa Jumatatu

Kila Jumatatu, kabla ya kuingia darasani, sisi walimu tulikagua usafi: kucha, meno, kola za mashati, vichwa. Kichwa chenye nywele ndefu kilipitishwa mkasi, njia moja kutoka kwenye paji hadi kisogoni, ili mzazi aone aibu akamalizie nyumbani. Nami nilifanyiwa hivyo nilipokuwa mdogo kule Magu, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Isitoshe, mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa malezi na unasihi. Cheka ukitaka.

Nilikuwa nimetoka semina na moto wangu. Nikachora nyuso nne kwenye kadibodi, furaha, huzuni, hasira na woga, nikaibandika mlangoni. Watoto wa darasa la tatu, zaidi ya mia, wakawa wanaingia huku kila mmoja akigusa uso unaofanana na moyo wake. Kulikuwa na msichana aliyegusa furaha kila siku. Alikuwa hasemi kitu wiki tatu nzima, nami nikadhani ametulia.

Jumatatu ile nywele zake zilikuwa zimeshonana.

"Wiki iliyopita nilikuambia nini?"

"Mama kasema bado."

"Bado nini?"

Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa linapanda. Nikapitisha mkasi.

Hakulia. Alipiga magoti, akaokota nywele zake mchangani moja moja, akazitia kwenye mfuko wa sweta. Wengine wakacheka. Rafiki yake anayekaa naye dawati moja hakucheka, alinivuta sketi.

"Mwalimu, baba yake alikwenda kuvua, hajaonekana. Mtumbwi umeonekana, yeye hajaonekana. Kwao hawanyoi mpaka mtu azikwe."

Niliuliza nani mwingine anajua. Mikono ikanyooshwa, karibu darasa zima. Wale waliocheka nao walijua, na sasa walikuwa wakitazama viatu vyao. Mwenye kadibodi peke yake ndiye ambaye hakujua.

Mchana nilikwenda kwao yule msichana, Kirumba, vichochoro vya juu ya soko la samaki. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Mlangoni yaliniishia yote. Mama yake alikuwa ameketi mkekani, shangazi wa mtoto amesimama nyuma yake na wembe, na nusu ya kichwa cha mama ilikuwa imeshanyolewa, nyeupe.

"Karibu, Mwalimu," mama alisema. "Wazee wamesema kunyoa msiba kukishaanza kwa mtoto hakuachwi nusu."

Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Nililia mimi, mgeni, na ikabidi shangazi aniletee maji. Mpaka leo naona aibu kwamba walinibembeleza.

"Hukujua," mama alisema. "Lakini nilikuwa namsubiri baba yake. Kila nikisikia mtu anakohoa nje, nasimama. Sasa nitasimamaje?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Methali hiyo nimeifundisha miaka yote, watoto wakaiimba, nami nikaisahihisha kwa kalamu nyekundu. Siku iliyofuata walizika shina la mgomba badala ya mwili wa baba.

Nilimwomba mwalimu mkuu tuache mkasi. Akasema utaratibu ni utaratibu. Mkasi wangu niliutupa chooni, nikabandua na zile nyuso nne. Kila asubuhi nikawa nasimama mlangoni nikiuliza kwa mdomo, mtoto mmoja mmoja, na vipindi vikachelewa. Sijui kama inasaidia. Wengi bado wananiambia nzuri.

Msichana alirudi baada ya wiki. Jumatatu, mwalimu wa zamu alimpitishia mkono kichwani, kipara kinang'aa, akasema, "Safi kabisa, wengine waige." Nilitamani ardhi inimeze.

Mlangoni alisimama mbele yangu. Niliinama nikamuuliza anaendeleaje. Alinitazama, akaongea.

"Mwalimu, baba akirudi, utamwambia ni wewe uliyenikata nywele?"

Nilimwambia ndiyo, nitamwambia. Akaingia, akakaa mahali pake, akatoa daftari.