Kimea cha Raheli na Pipa la Shule

Mwaka 1974, watu walipohamishiwa kijiji kipya upande wa Ulemo, Raheli alipewa kiwanja cha kwanza kutoka ofisi ya kijiji. Wenzake walimwonea wivu. Hawakujua kitakachompata. Kila kitu kigeni kilichoshushwa na lori, watu wakikitilia shaka, kilijaribiwa kwanza kwa kuku, na kuku wa karibu na ofisi walikuwa wa Raheli. Jogoo wake alionja unga wa msaada uliokuwa na harufu mbaya, akapona. Matetea wawili walionja mahindi yaliyopakwa dawa ya ghala, hawakupona. Hata pole hakupewa.

Alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, mfupi, mwenye maneno machache. Kazi yake ilikuwa kimea. Tangu ujana wake aliloweka mtama, akaufunika hadi uote, akauanika na kuusaga. Kanisani alikaa benchi la mbele, na mchungaji alipouliza, alijibu kwamba kimea chake ni cha togwa. Waliokichukua walikuwa na mipango yao mingine, naye hakuwahi kuwauliza.

Mwezi wa tisa kisima kilianza kutoa tope. Ikaamuliwa maji yachotwe alfajiri, yatulie kwenye pipa kubwa la chuma, liwekwe shuleni, watoto wote wanywe hapo. Pipa lilipatikana. Lilikuwa limebeba dawa ya josho, ile ya kuua kupe. Vijana wakalisugua kwa mchanga na majivu, wakalisuuza mara mbili, na mwenyekiti, Melkizedeki, akalitazama kama mtu aliyejenga hospitali.

Simeoni, balozi wa nyumba kumi, akaja kwa Raheli na bakuli la maji ya pipa.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Umemfuata nani leo?”

Alimfuata tetea mwekundu, kwa sababu alikuwa ameatamia na hakuhitaji kukimbizwa. Agizo lilikuwa siku tatu, asipewe maji mengine.

Raheli alichukia. Yule ndiye tetea pekee aliyebaki, na chini yake kulikuwa na mayai kumi na matatu. “Mwache kuku wangu,” alisema. “Niachie hayo maji, niyajaribu kwa mtama. Mbegu nayo ina uhai. Maji yakiwa na sumu, haitaota.”

Simeoni alicheka, si kwa ubaya. “Shangazi, nikawaambie wazee tumeuliza mtama?”

Akaweka bakuli kando ya kiota, akaenda zake.

Raheli alichota maji kidogo kwenye bakuli lile, akatafuta vyungu viwili vilivyolingana, akapima kila kimoja kopo moja la mtama wa gunia moja. Kimoja akakiloweka kwa maji ya pipa, kingine kwa maji ya kisima yaliyotulia kwenye mtungi wake. Kesho yake akamwaga maji, akafunika vyote kwa majani ya mbono, akawa anavinyunyizia asubuhi na jioni, kila kimoja maji yake. Kila alipoinama kuvinyunyizia alimwona tetea kiotani akinyoosha shingo, akinywa funda moja, akirudi kutulia. Mara mbili alishika lile bakuli alimwage. Mara mbili akaliacha, kwa woga wa agizo la kijiji, na woga huo ulimuudhi kuliko kicheko cha Simeoni.

Siku ya tatu watu waliitwa shuleni. Kina mama walikuja na ndoo, tayari kulijaza pipa. Simeoni akatangaza kwamba kuku yu hai. Melkizedeki akapiga makofi, wanaume wakamfuata.

Raheli akasimama. “Kuku anayeatamia anakunywa kama mgonjwa,” alisema. “Mmepima kwa mafunda matatu. Mtoto anayetoka kucheza anakunywa kata nzima.”

“Mama, kuku yu hai au amekufa?” Melkizedeki aliuliza.

“Yu hai.”

“Basi keti.”

Hakuketi. Aliweka vyungu vyake chini mbele ya kina mama, akavifunua. Cha kisima kilikuwa kimeota chote, mizizi myeupe imesokotana. Cha pipa kilikuwa na punje zilizovimba, nyeusi, zinanuka, na hata moja haikuwa imepasua ganda.

Wanaume waliona mtama. Kina mama waliona kingine. Hakuna kati yao aliyekuwa hajaotesha kimea, na kila mmoja alijua kwamba mbegu nzuri ikikataa kuota, kosa huwa kwenye maji. Elina, mke wa Melkizedeki mwenyewe, aliinama, akanusa chungu cha pili, akabeba ndoo yake na kuondoka. Wengine wakafuata. Mwenyekiti alibaki na wanaume wenzake na pipa tupu, na kati yao hakukuwa na anayejua kubeba ndoo.

Asubuhi iliyofuata tetea mwekundu alikutwa amekufa juu ya mayai yake, mabawa bado yameyafunika. Raheli alilia waziwazi. Wazo la mtama lilikuwa la kumwokoa huyu; watoto wa shule nzima walikuwa wamepona, yeye hakupona. Akayakusanya mayai yakiwa bado na joto, akayafunga kwenye kanga, akakaa nayo karibu na jiko.

Jua lilipopanda kidogo Simeoni alifika, kichwa chini, habari zimeshamfikia. Kwapani alikuwa na tetea mweupe, wa kwake mwenyewe, anayegunaguna kama kuku anayetaka kuatamia.

“Shikamoo, shangazi.”

Raheli alimtazama yule kuku, kisha akamtazama aliyemshika.

“Marahaba. Huyu umemleta anywe?”

“Hapana, shangazi,” Simeoni alisema. “Nimemleta alalie.”

Raheli akafungua kanga.