Trei ya Chai ya Mafundi

Niliibia mtihani wa kutembea. Wenzangu wa kidato cha tatu huibia Kemia. Mimi niliibia kuvuka chumba.

Nina kifafa. Dawa zimezuia kuanguka karibu mwaka mzima, lakini miguu yangu na kichwa changu bado havipendi kazi mbili kwa wakati mmoja. Nikitembea, natembea. Nikiongea, naongea. Nikichanganya, moja inagoma.

Mama ana kibanda cha chai hapa Kapsoya, kando ya gereji. Zamani ni mimi nilikuwa nawapelekea mafundi chai: vikombe sita kwa trei, oda zote kichwani, utani mdomoni. Kifafa kilipokuja mama akaninyang'anya trei, akaniweka kwa karai la kuosha vikombe. Niliitaka hiyo trei kuliko cheti cha shule. Akasema nitaipata siku watu wa kliniki watakubali.

Kliniki daktari wa mazoezi alinitembeza juu ya mstari, kisigino kikigusa kidole, glasi ya maji mkononi, huku nikihesabu kurudi nyuma kutoka mia, nikitoa saba saba. Nilifika themanini na sita, nikamwagia viatu vyake maji. Nikarudi nyumbani, nikakariri zile namba mpaka zikatoka kama sala ya kabla ya chakula. Mara ya pili sikuhesabu chochote, niliimba tu. Daktari akamwambia mama nimeendelea vizuri sana. Mama, masikini, akashukuru Mungu.

Jumamosi nikapeleka chai. Mafundi wakaanza kunirushia maneno: huyu hataki maziwa, anataka strungi, yule bila sukari, mzee wa kuchomelea vyuma anauliza kama nishapata bibi. Nikageuka nimjibu. Jibu lilikuwa tamu, bado ninalo. Miguu ikasahau kazi yake. Trei ikaenda, nami nikaifuata, na chai ikamchoma fundi mmoja mkono.

Sikuzimia. Nilikuwa pale chini kwa oili, macho wazi, nikitafuta viatu vyangu.

"Msimguse," mmoja akasema. "Ni ile kitu yake."

Wakarudi nyuma wote, hata mzee. Nikawaambia nimejikwaa tu. Nani huamini mtu wa kifafa akisema amejikwaa?

Jumatatu wakaja na vikombe vyao kutoka nyumbani. Wanaamini povu la mgonjwa hubaki kwa kikombe hata kikioshwa. Povu lenyewe halikutoka, lakini hiyo haikumsumbua mtu. Mama akawamiminia chai humo humo. Kufika Alhamisi walikuwa wamebaki wawili; wengine walikuwa wamevuka barabara, wanakunywa kwa jirani.

Jioni hiyo nikamwambia mama yote, hata ile ya kukariri namba. Nilingoja kofi. Ningelipenda hilo kofi. Yeye aliendelea kupanguza vikombe ambavyo hakuna aliyekuwa amevitumia, halafu akasema:

"Najua haikuwa kifafa. Lakini kesho usikuje kibandani. Wakiuliza, nitasema umeenda Ainabkoi kwa nyanya yako."