Ngoma Niliyoshindwa Kuitafsiri

Siku yangu ya kwanza ya ukalimani, karani mkuu wa baraza aliniambia, "Kijana, wewe ni mfereji. Maji yaliyoingia ndiyo yatoke." Nilikuwa na darasa la nne la misheni, na Kiingereza changu mpaka leo sina hakika nacho. Lakini hilo nililishika.

Walinipeleka kwanza Mbamba Bay, ziwani. Homa za kule zilimwangusha mke wangu, mimba ikatoka, na iliyofuata nayo ikatoka. Nikaomba kuhamia Mbinga, kwenye baridi. Bwana Shauri, yaani Mzungu msaidizi wa mkuu wa wilaya, akakubali. Nampa haki yake: alikubali bila kuninyanyasa.

Basi wafanyabiashara wa Kihindi wakaandaa ngoma za kwao katika ghala la kahawa, kiingilio kisaidie kujenga wodi ya wazazi. Watu walikuja kwa miguu kutoka vijiji vya Maguu na Ruanda. Bwana Shauri alikuwa mgeni wa heshima, akaagiza nisimame mbele nitafsiri.

Alianza mke wa mwenye duka, mama wa makamo, mzito kidogo, njuga miguuni. Ngoma ya kale ile. Kila kidole kina neno lake. Mumewe ananinong'oneza, nami natangaza: "Huu ni mto. Hapa anafungua mlango." Vigelegele vikapigwa.

Kisha akaingia mpwa wao, aliyefika karibuni kutoka Bombay. Hana njuga, hana mpiga ngoma. Akakaa sakafuni, mikono ameizungushia hewa tupu kama anayekumbatia kitu, akawa anayumba polepole.

Nikamtazama mwenye duka. "Hii mambo ya sasa," akasema. "Mimi hapana jua."

"Waambie maana yake," Bwana Shauri akasema.

"Sijaambiwa, Bwana."

"Basi sema lolote! Watu wanangoja."

Lolote lingetosha, najua. Nikawageukia watu nikasema, "Maana yake siijui."

Wakaangua kicheko. Mama mmoja wa Maguu akapaza sauti, "Kaa chini basi, baba, unatuzibia!" Wakacheka tena, na Bwana Shauri akawa mwekundu mbele ya wageni wake.

Wakati wa kutoka niliwauliza kina mama wa Maguu waliona nini. Mmoja akasema, mtoto. Wa pili, njaa. Wa tatu akasema, "Mume aliyekwenda kukata mkonge, hajarudi."

Jumatatu Bwana Shauri aliniita. "Mkalimani asiyejua ananifaa nini? Utarudi ziwani." Hakupiga kelele. Labda nami ningekuwa yeye ningesema hivyo.

Sasa nimestaafu, nimechoka na maneno ya watu wengine. Vijana huniuliza kama nilifanya sawa siku ile. Sijui. Kusema uongo mdogo kungetubakiza kwenye baridi, na pengine lolote ambalo ningesema lingekuwa kweli kwa mtu fulani mle ghalani.

Mke wangu alikuwamo, ameketi na wale wa Maguu, akilia kimya. Nilipomwambia tunahama alikunja mikeka, akafunga vyombo. Wengine niliwauliza waliona nini. Yeye sijathubutu.